Vipande Vinne vya Njaa

Flavian alikuwa na madaftari mawili, la bluu na jekundu, na kwa miezi mitatu alifaulu kuyaweka mbalimbali kama wake wenza wasiosalimiana.

La bluu lilikuwa la Profesa Kasmir, msimamizi wa shahada yake ya pili, mtu aliyeiamini mbolea ya chumvichumvi kama wengine wanavyouamini ubatizo. Jekundu lilikuwa la Dokta Minza wa idara ya udongo, aliyekuwa akitafiti samadi. Kwa utaratibu wa chuo, mwanafunzi aliruhusiwa kufanya utafiti na mwalimu yeyote mwingine, mradi msimamizi wake aandike barua ya kuridhia. Utaratibu huo ulikuwepo tangu chuo kifunguliwe, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona barua ya namna hiyo kwa macho yake.

Ulikuwa ule mwaka ambao ruzuku ya mbolea ilikuwa imekwisha kufutwa, chama cha ushirika kimelala, na mahindi ya Ufipa yananunuliwa na yeyote mwenye lori. Chuo nacho kilikuwa kimeingia soko huria kwa namna yake: gari la idara lilikaa juu ya mawe, na mizani ya maabara ya Profesa Kasmir ilipima kila kitu kilo moja na nusu, hata ukiiwekea kalamu. Dokta Minza alikuwa na mradi. Mradi ulikuwa na gari, baiskeli, na mizani inayosema kweli. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza na wakulima kwa Kifipa.

"Profesa wako ameridhia?" alimuuliza Flavian siku anamkabidhi baiskeli.

"Hana pingamizi," akajibu Flavian.

Ilikuwa kweli. Profesa hakuwa na pingamizi kwa sababu hakuwa na habari.

Shamba la majaribio lilikuwa la shangazi yake Avelina, pale Msanzi, kando kabisa ya barabara ya malori yaendayo mpakani Kasesya. Flavian alilipima kwa kamba akapata vipande kumi na viwili vya mahindi, kila kimoja na kigingi chenye namba. Vinne alivipa mbolea nyingi, vinne kidogo, na vinne havikupewa kitu. Hivyo vya mwisho ndivyo vilivyobeba utafiti wote, maana bila kujua mahindi yanazaa nini yakiachwa hivi hivi, hakuna awezaye kusema mbolea imeongeza nini. Vitatu vilipakana na barabara. Cha nne kilikuwa nyuma, kimefichwa na kichuguu kikubwa.

Mwezi wa kwanza ulipofika katikati, mvua ikiwa imeshiba, vipande vyenye mbolea vilisimama vyeusi kwa ukijani. Vile vinne vilikuwa vya njano kama mtu aliyetoka kuugua ini.

Shangazi Avelina alikuwa mjane wa miaka sitini, kiongozi wa jumuiya ya kanisani, mwanamke ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kulimiwa wala kusaidiwa palizi. Alisimama barabarani na jembe begani akavitazama vipande vile, kisha akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Baba, hivi vinne vimekukosea nini?"

"Havijakosa, shangazi. Ni vya kulinganishia."

"Umevinyima chakula."

"Ndiyo."

"Ili uone kama vitakuwa na njaa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na hilo mmelisomea miaka mingapi?"

"Huu ni wa sita."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu. "Jumapili Margareth wa jumuiya yetu ameniuliza kanisani kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Akaniambia, 'Basi ni watoto wamekutupa?' Jana dereva wa lori kasimamisha gari, kashuka, kanipa pole. Sijui hata kwao wapi."

"Waambie ni ya chuo."

"Hindi halina sare," alisema shangazi, akaenda zake.

Kwa watu wa pale, hindi la njano kando ya barabara si ugonjwa wa mmea. Ni tangazo. Linasema nyumba hii ina mtu mvivu, au mlevi, au aliyekata tamaa na Mungu. Flavian alilijua hilo tangu utotoni. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Lakini miaka sita ya chuo humfundisha mtu kutazama aibu ya shangazi yake kama kitu kisicho na kipimo.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo akafunga daftari jekundu kwenye baiskeli akaenda kuhoji watu wa mradi wa samadi, kijiji kwa kijiji hadi Mazwi mjini Sumbawanga, ambako watu walifuga ng'ombe wawili wawili nyuma ya nyumba. Alikaa siku kumi na sita. Aliporudi, akaegemeza baiskeli kwenye kichuguu, akatoa daftari la bluu, akaenda kupima urefu.

Vipande vitatu vya barabarani vilikuwa vya kijani.

Alihesabu vigingi kutoka kushoto. Akahesabu kutoka kulia. Akainama akanusa udongo, akasimama, akatazama kama kuna mtu aliyemwona akinusa. Kisha akazunguka kichuguu. Kile cha nne kilikuwa pale pale, cha njano, na kimepungua hata kile kidogo kilichokuwa nacho.

"Shangazi," alisema jikoni, "mahindi ya barabarani yamebadilika."

"Mungu anakuza," alisema shangazi, akageuza ugali wa ulezi.

"Na ya nyuma?"

"Hayo nayo atayafikia."

Aliwekewa samaki siku hiyo, mgebuka mkubwa wa ziwani, kichwa na mkia. Flavian alikuwa amesoma takwimu, lakini hakuhitaji takwimu kujua kwamba nyumba ile haikuwahi kumpa mgebuka mzima bila sababu.

Sababu aliipata baada ya siku tano, na aliipata kazini kwa Dokta Minza. Fomu ya mahojiano ya mradi, ukurasa mmoja wa daftari jekundu kwa kila mhojiwa, ilikuwa na maswali ishirini. Mhojiwa wa siku hiyo alikuwa Masalu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Msanzi na mifugo yake miaka saba nyuma, mtu mrefu mwenye kofia ya sufi na mzaha usiokwisha.

"Swali la tisa," alisema Flavian. "Msimu huu samadi yako umempa nani?"

"Andika shangazi yako."

Kalamu ilisimama. "Kiasi gani?"

"Mikokoteni sita. Iliyooza vizuri, ya zizi la zamani. Nyingine tuliiloweka kwenye mapipa, tukamwagia mashinani kama chai. Ninyi Wafipa mnajua kazi, bwana! Walikuja wanawake kumi na wanane wa jumuiya. Wakaichimbia chini pamoja na majani, wakainua udongo juu yake kuwa matuta. Asubuhi moja tu, mchana tukawa kwenye pombe ya ulezi."

"Kwa shamba lipi?"

Masalu alimtazama kwa huruma. "Si vile vyenye njaa? Alinijia akaniambia, 'Masalu, kijana wetu anasoma sana, mpaka amesahau kulisha.' Nikasema nitachangia. Mavuno yakitoka, ng'ombe wangu watakula mabua. Mbona huandiki?"

Flavian aliandika. Swali la tisa, jibu lake, tarehe. Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya sahihi ya mhojiwa. Masalu alivua kofia, akaweka daftari juu ya mgongo wa jembe la kukokotwa, akaandika jina lake herufi moja moja kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima, akirudi nyuma kila baada ya herufi kuitazama. Ilichukua muda ambao ng'ombe mmoja alitoka zizini, akanywa maji, akarudi.

"Hiyo," alisema Masalu, "usiitie maji."

Sasa hali ilikuwa hivi, na Flavian aliipanga kichwani wakati akisukuma baiskeli. Profesa Kasmir angekuja kukagua shamba mwezi wa tatu. Angesaini fomu ya ukaguzi. Bila sahihi ile tasnifu isingepokelewa, na mwezi wa sita usajili wake ungefungwa, na kazi aliyoahidiwa kwenye kituo cha utafiti angepewa mwingine. Shamba lilikuwa limeharibika. Aliyeliharibu alikuwa shangazi yake, kwa upendo, akisaidiwa na jumuiya. Na ushahidi pekee wa maandishi ulikuwa ndani ya daftari ambalo halikutakiwa kuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alisimama kwenye daraja la njiani, akafungua daftari jekundu, akashika ukurasa wa Masalu kwa vidole viwili. Karatasi ilikuwa nyepesi. Akaitazama ile sahihi, M yake imelala kidogo kama mtu aliyeegemea ukuta, akafunga daftari, akaendelea kusukuma baiskeli ambayo angeweza kuipanda.

Profesa Kasmir alifika Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye kichwa cha lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka mahindi mpakani. Alikuwa mtu mfupi wa suti ya kijivu, mwenyeji wa Matai, mwendo wa baiskeli kutoka hapo, ingawa hakuwa ameonekana huko tangu azike mama yake. Alishuka akapangusa vumbi la unga.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Shamba liko wapi?"

Lilikuwa mbele yake. Akalitembelea mstari kwa mstari, mikono nyuma. Shangazi Avelina alisimama pembeni na khanga yake ya kanisani. Masalu alikuwa amekuja kuleta maziwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke, alibaki.

Profesa alisimama kwenye kigingi namba tatu. "Hiki hakikupewa kitu?"

"Kulingana na mpango, hapana," alisema Flavian.

Profesa alilifuata bua kwa macho mpaka juu. Ikumbukwe kuwa mtu huyu alikuwa amesimama kwenye mikutano mingi akasema nyanda hizi hazioti hindi la maana bila mfuko wa dukani. Hindi la maana lilikuwa limesimama mbele yake, limemzidi urefu.

"Nimeelewa," alisema hatimaye. "Mvua imesomba mbolea kutoka vipande vya juu ikaileta hapa."

Flavian alitazama mteremko. Mteremko ulielekea upande mwingine.

"Hili ni jambo kubwa, Flavian. Mbolea ina nguvu kiasi kwamba hata jirani ananufaika. Litakuwa sura nzima. Lete fomu." Akatoa kalamu mfukoni.

Flavian alileta fomu. Kazi yake ilikuwa imebaki moja tu, ya kufunga mdomo, na alikuwa akiifanya vizuri. Profesa aliiweka fomu juu ya kigingi, kisha, kama mwalimu asiyeweza kuacha darasa likae bure, akamgeukia shangazi Avelina.

"Umeona, mama? Hayo ndiyo maajabu ya mbolea ya kisasa. Wewe hukufanya chochote, na bado umepata."

"Nimeona, baba," alisema shangazi kwa upole, akainamisha macho.

Masalu aligeukia barabarani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mtu mwingine angeweza kuvumilia. Angesema moyoni, mwache mzee asaini, tutacheka baadaye. Lakini Flavian alitazama mikono ya shangazi yake, ile iliyochimbia mikokoteni sita na wanawake kumi na wanane nyuma yake, akasikia "hukufanya chochote" ikimpanda kifuani kama kiungulia. Hakukuwa na hekima yoyote katika alichofanya. Ilikuwa hasira tupu, ya mtoto wa nyumba ya tatu kutoka hapo.

"Si mvua," alisema.

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

"Ni samadi ya huyu mzee anayecheka. Mikokoteni sita. Shangazi aliweka nikiwa safarini. Nimeandika yote." Akatoa daftari jekundu kwenye mfuko wa koti, akalifungua swali la tisa.

Profesa alisoma. Akageuza jalada. Akarudi kwenye ukurasa.

"Hii fomu ni ya Minza."

"Ndiyo, Profesa."

"Na mhojaji ni nani?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa na nusu ya mwanafunzi."

"Ndiyo, Profesa."

"Nusu ipi?"

Profesa alifunika kalamu, akairudisha mfukoni, akaikunja fomu mara mbili na kuiweka hapo hapo. Kisha akaulizia gari la kurudi Sumbawanga. Akaambiwa malori yote yalikuwa yakienda mpakani, yatageuza Jumapili. Gari pekee lililotarajiwa kabla ya hapo ni la mradi wa samadi, Jumamosi, la Dokta Minza.

"Nitasubiri lori," alisema Profesa.

Shangazi Avelina alimtandikia kitanda cha mgeni, akamletea maji ya moto, na jioni ugali na mgebuka. Flavian alikaa jikoni kama mtu aliyefiwa.

"Wewe ndiye uliyeniharibia, shangazi," alisema, bila kupandisha sauti.

"Najua," alisema shangazi. "Ungeniambia kwamba vikishiba wewe unafukuzwa, ningevumilia. Uliniambia ni vya kulinganishia. Mimi nikadhani umekosa mbolea unaona aibu kusema."

Ilikuwa kweli kwamba Flavian hakuwahi kumweleza. Alikuwa amemwambia neno moja la chuo, akaona inatosha.

Ijumaa asubuhi Profesa hakuonekana nyumbani. Walimkuta nyuma ya kichuguu, kwenye kipande cha nne, suruali imekunjwa, akipima mahindi ya njano kwa kiganja. Yalimfikia kiunoni.

"Hiki mbona hamkukiwekea?" aliuliza bila kugeuka.

"Hakionekani barabarani," alisema shangazi Avelina.

Profesa alinyanyua kichwa. "Kwa hiyo hukuvihurumia. Uliona haya."

"Nilianza na vya barabarani. Samadi ikaisha." Shangazi alimsogelea. "Na wewe, mtoto wa Cornelia, nilikuwa nakutazama tu jana. Mama yako tumelima naye. Alikuwa hapiti hindi la njano la mtu mwingine bila kuingia kulipalilia, sembuse lake. Wewe ungepita?"

Profesa Kasmir, ambaye hakuna aliyemwita mtoto wa mtu kwa muda wa miaka ishirini, alishusha miguu ya suruali, mmoja baada ya mwingine.

"Lete madaftari," alimwambia Flavian.

"Lipi?"

"Nimesema madaftari."

Alikaa juu ya mkokoteni wa Masalu kutwa nzima na madaftari mawili magotini, akisoma la bluu ukurasa mmoja, jekundu ukurasa mmoja. Mchana alidai kalamu ya risasi. Masalu aliuhitaji mkokoteni wake, lakini alisema ng'ombe wanaweza kungoja, maana hajawahi kuwa na profesa ndani yake.

Jumamosi Dokta Minza alifika na gari, mwanamke mnene mchangamfu, akamkuta Profesa amekaa tena juu ya mkokoteni wa samadi. Alisalimia. Aliambiwa yote kwa sentensi tatu, na tabasamu likamfutika usoni.

"Flavian, uliniambia hana pingamizi."

"Hakuwa nalo, Dokta."

"Hiyo tutaizungumza mimi na wewe, mlango ukiwa umefungwa." Akamgeukia Profesa. "Nisamehe, kaka. Ningekuja kukupigia hodi mwenyewe. Uko juu ya kichwa changu, ghorofa moja tu."

"Ngazi zipo," alikiri Profesa. Akashuka kwenye mkokoteni. "Shamba hili kama nilivyolipanga limekufa. Lakini lina vipande vinane vya mbolea, vitatu vya samadi, na kimoja chenye njaa kweli kweli. Kimoja ni kidogo. Wapo waliopewa shahada kwa pungufu ya hapo. Nitasaini, na wewe utasaini chini yangu kama msimamizi wa pili. Kwa sharti. Sura ya mbinu iseme kweli yote. Flavian, andika."

Flavian alifungua daftari. Hakujua achukue lipi, akachukua la bluu, kisha akaweka jekundu chini yake kama egemeo.

"Vipande namba tatu, saba na kumi," alisoma Profesa kwa sauti ya mikutano, "viliwekewa samadi na shangazi wa mtafiti, bila mtafiti kujua, kwa sababu ya aibu."

"Hapana," alisema shangazi Avelina.

Watu watatu wenye shahada walimgeukia.

"Kitabu kitasomwa na nani?"

"Na wataalamu," alisema Dokta Minza.

"Wa wapi?"

"Popote, mama. Hata nje ya nchi."

"Basi jina langu haliendi nje ya nchi na aibu. Andikeni huruma."

"Mama, kile cha nyuma hukukihurumia," alisema Profesa. "Ni ushahidi."

"Samadi iliisha."

"Masalu?" Profesa aliuliza.

Masalu alichukua muda kurekebisha kofia. Alitazama zizi lake kule ng'ambo, ambako rundo la samadi lilionekana wazi na kila mtu mwenye macho. "Iliisha," alisema.

Profesa alilitazama rundo lile. Dokta Minza naye alilitazama, kitaalamu. Flavian, kalamu mkononi, alitazama ukurasa. Mwaka wake mzima ulikuwa umesimama kwenye neno moja, na hakuna kati ya wale wanne aliyeonekana kuwa na haraka.

"Huruma na aibu," alisema hatimaye, mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya yeyote. "Yote mawili. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo nitakavyoandika. Asiyetaka asisaini."

Profesa alimtazama kama mtu anayehesabu vigingi upya.

"Lipi linatangulia?" aliuliza shangazi.

"Huruma."

Shangazi Avelina alifikiri. Lori la Kasesya lilipita, dereva akapiga honi ndefu kuyasalimu mahindi ya kijani, naye akainua mkono kumwitikia.

"Haya," alimwambia Profesa. "Saini, mtoto wa Cornelia. Chai inapoa."